SENTI MOJA KWA SIKU 31: Habari za Namba 2,147,483,647

Tajiri mmoja wa mfano alitafuta mtu wa kulinda shamba lake mwezi mzima wa Januari. Kibarua aliyekuja aliukataa mshahara aliotajiwa, akasema: "Bwana, mimi sitaki makuu. Siku ya kwanza nipe senti moja. Siku ya pili nipe senti mbili, siku ya tatu nne, siku ya nne nane, na kila siku nipe mara mbili ya fedha ya jana, mpaka mwezi uishe." Tajiri alicheka moyoni, akaita mashahidi, akatia sahihi yake haraka ili mtu yule asipate nafasi ya kugeuza mawazo.

Siku kumi zilipokwisha kibarua alikuwa amepokea Sh. 10/23 tu, na tajiri akazidi kucheka. Siku ya ishirini jumla ilikuwa imefika Sh. 10,485/75, na kicheko kikakoma. Siku ya thelathini peke yake ilidai Sh. 5,368,709/12, na siku ya thelathini na moja ikadai Sh. 10,737,418/24. Jumla ya mwezi mzima ni Sh. 21,474,836/47. Kwa senti ni 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Hesabu ya namna hii ni ya zamani sana, na watu wa nchi nyingi huisimulia kwa punje za nafaka zilizowekwa juu ya ubao wa sataranji. Kwa kawaida msimulizi huishia kwenye mshangao wa ukubwa wa jumla. Lakini ukubwa si jambo la ajabu kuliko yote katika namba hii, kwa maana mtu akitaka namba kubwa zaidi hana haja ila kuongeza siku moja. Ajabu yenyewe huonekana pale kibarua anapotaka kugawana fedha yake na wenzake.

Kwanza yafaa kueleza jinsi jumla inavyopatikana upesi. Hakuna haja ya kujumlisha malipo 31 moja moja. Jumla ya siku zote zilizopita daima hupungua senti moja tu chini ya malipo ya siku inayofuata. Baada ya siku tatu jumla ni 1 na 2 na 4, yaani 7, na malipo ya siku ya nne ni 8. Baada ya siku nne jumla ni 15, na malipo ya siku ya tano ni 16. Basi anayetaka jumla ya siku 31 na azidishe 2 kwa 2 mara kwa mara mpaka mbili ziwe 31, kisha atoe moja.

KUGAWANA SAWASAWA

Ingalikuwa mapatano yalifanywa mwezi wa Februari wenye siku 28, jumla ingalikuwa senti 268,435,455. Fedha hiyo watu watatu wanaweza kugawana sawasawa, kila mtu akapata senti 89,478,485 wala isibaki hata moja. Watu watano waweza kugawana vilevile, na watu 29, na 43, na 113, na 127. Katika mwezi wa siku 30 jumla ni 1,073,741,823, nayo yagawanyika kwa watu watatu, au saba, au 11, au 31, na kwa hesabu nyingine nyingi. Hata Februari ya mwaka mrefu, yenye siku 29, hutoa senti 536,870,911, ambazo watu 233 waweza kugawana bila ugomvi.

Lakini fedha ya Januari haigawanyiki. Wakiwa wawili, inabaki senti moja. Wakiwa watatu, inabaki moja. Wakiwa watano, zinabaki mbili. Wakiwa mia, elfu, laki au milioni, daima pana baki. Hakuna hesabu yoyote ya watu inayoweza kuigawa fedha hiyo kwa senti nzima na kuimaliza, isipokuwa kibarua aichukue yote peke yake, au wawepo watu 2,147,483,647 na kila mmoja apate senti moja.

Namba ya tabia hiyo huitwa namba tasa. Jina hilo limechaguliwa vizuri, ingawa maana yake yaweza kugeuzwa pia. Namba 12 ina uzao, kwa kuwa ndani yake mna 2, 3, 4 na 6. Namba 13 haina kitu ndani yake ila moja na nafsi yake. Namba tasa za mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23, na Euclid, Mgiriki aliyeandika kitabu cha hesabu kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo, alikwisha kuonyesha kwamba hazina mwisho. Kila namba nyingine hupatikana kwa kuzidisha namba tasa kwa namba tasa, kama nyumba inavyojengwa kwa mawe. Kwa hiyo tasa hawa, wasiozaliwa na mtu, ndio wazazi wa wengine wote.

Kwa nini mwezi wa siku 28 hauna budi kutoa fedha inayogawanyika? Sababu yake ni nyepesi. Siku 28 ni majuma manne kamili. Juma la kwanza kibarua hupata senti 127. Juma la pili kila siku hupata mara 128 ya siku kama hiyo ya juma la kwanza, basi fedha ya juma zima ni 127 mara 128. Majuma ya tatu na ya nne nayo ni 127 mara namba fulani. Majuma yote manne yana 127 ndani yake, basi jumla yao haiwezi kuikosa. Hali ni hiyo hiyo kwa siku 30, ambazo zaweza kukatwa mafungu matatu ya siku kumi, au matano ya siku sita. Kwa ufupi, idadi ya siku ikigawanyika katika mafungu yaliyo sawa, fedha nayo itagawanyika.

Siku 31 hazikatiki mafungu sawa, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa. Hapo ndipo wengi huruka na kusema: basi fedha yake ni tasa pia. La, haifuati. Namba 11 ni tasa, lakini fedha ya siku 11 ni senti 2,047, nayo ni 23 mara 89. Namba 23 ni tasa, lakini fedha ya siku 23 ni senti 8,388,607, nayo ni 47 mara 178,481. Na 29 ni tasa, lakini watu 233 wamekwisha kuonekana wakigawana fedha yake. Idadi ya siku kuwa tasa hufungua mlango tu. Nani ataingia, hilo ni jambo la kuthibitishwa kwa kazi.

WALIOSEMA NA ALIYETHIBITISHA

Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, alikuwako mwalimu wa hesabu aliyeitwa Pietro Cataldi. Huyu aliandika orodha ya namba tasa zote mpaka kufika 750, kisha akazitumia kuzijaribu fedha za siku 17 na za siku 19, yaani 131,071 na 524,287. Aligawa kwa kila namba tasa iliyohitajiwa, moja baada ya moja, na kila mara akaona baki. Kazi hiyo ilikuwa safi, na mpaka leo hakuna aliyeikosoa. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1603 Cataldi alikwenda mbele zaidi, akasema kwamba fedha za siku 23, 29, 31 na 37 nazo ni tasa, bila kuzigawa.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alionyesha kwamba ya siku 23 hugawanyika kwa 47, na ya siku 37 hugawanyika kwa 223. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1738, ile ya siku 29 nayo ikavunjika. Katika madai manne matatu yalikuwa ya uongo, likabaki moja tu, la siku 31. Hata hilo halikuwa na uthibitisho. Mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliliweka katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini orodha ile nayo ilikuwa na makosa yake: iliingiza 67 na 257 zisizostahili, ikaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Hata hivyo namba za jamii hii huitwa kwa jina la Mersenne mpaka leo, ingawa mwenye kufanya kazi kubwa zaidi juu yake alikuwa mtu mwingine.

Huyo ni Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel, nchi ya Uswisi, mwaka 1707, na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika mji wa St. Petersburg, Urusi. Jicho lake la kulia liliharibika alipokuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. La kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho, na baada ya kupasuliwa mwaka 1771 alikuwa karibu kipofu kabisa. Wengine wangaliweka kalamu chini. Euler aliwaita wanawe na wasaidizi wakae na kuandika aliyoyasema, naye akahesabu kichwani. Mwaka 1772 alimpelekea habari Daniel Bernoulli, mtaalamu mwenzake, kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa bila shaka yoyote.

Njia aliyoitumia yastahili kuelezwa, maana humo ndimo tofauti ya kusema na kuthibitisha inapoonekana. Mtu anayetaka kujua kama namba ni tasa hana haja ya kuigawa kwa namba zote zilizo chini yake. Namba ikigawanyika, vigawanyo vyake huja viwiliviwili, kidogo na kikubwa, na kile kidogo hakiwezi kupita kipeo cha pili cha namba yenyewe. Sasa 46,341 mara 46,341 ni 2,147,488,281, ambayo imekwisha kupita. Basi yatosha kujaribu namba tasa zisizopita 46,340. Hata hivyo hizo ni zaidi ya 4,700. Kugawa namba ya tarakimu kumi mara 4,700 kwa mkono, bila kukosea hata mara moja, ni kazi ya miezi mingi, na kosa moja laharibu yote.

Fermat alikuwa amegundua kanuni inayopunguza kazi hiyo. Ikiwa idadi ya siku ni namba tasa, kila kigawanyo cha fedha yake, kikigawanywa kwa mara mbili ya idadi ya siku, hubakiza moja. Kwa siku 11, mara mbili yake ni 22. Na vigawanyo 23 na 89 vyote hubakiza 1 vikigawanywa kwa 22. Kwa siku 29, mara mbili yake ni 58; na 233 ni 58 mara 4 na moja juu. Euler akaongeza kanuni ya pili: kila kigawanyo kikigawanywa kwa 8 sharti kibakize 1 au 7, wala si 3 wala 5. Msomaji aweza kuijaribu kwa 23, 89 na 233, ataona ni kweli.

Kanuni hizo mbili zikishikwa pamoja kwa siku 31, namba zinazostahili kujaribiwa ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Chini ya 46,340 namba hizo ni 373. Nyingi kati yake zaweza kutupwa mara moja, kwa kuwa si tasa: 63 ni 7 mara 9, 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71. Zikichekechwa hivyo, zinazobaki hazifiki mia. Kazi ya mara 4,700 imekuwa kazi ya chini ya mara mia, na hiyo mtu mwenye subira aweza kuimaliza.

Ya kwanza kupita chekeche ni 311. Ukigawa 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki 35. Inayofuata ni 1,303: jibu ni 1,648,107 na baki 226. Inayofuata ni 1,489, na kadhalika mpaka mwisho. Hakuna hata moja inayogawanya bila baki, na kwa kuwa hakuna namba nyingine nje ya hizo iwezayo kufanya hivyo, shauri limekwisha. Cataldi alikuwa amesema kweli juu ya namba hii. Lakini alisema kweli kama mtu anayetaja hali ya hewa ya mwakani: mvua ikinyesha, sifa si yake.

Hapa kuna jambo la kusikitikia kidogo. Namba ya kwanza kupita chekeche kwa siku 23 ni 47 yenyewe, na kwa siku 37 ni 223 yenyewe. Mtu mwenye kanuni hizo mkononi angaligundua makosa ya Cataldi kwa kugawa mara moja tu. Cataldi hakuwa nazo, kwa kuwa alikufa mwaka 1626, kabla ya Fermat kuitoa ile ya kwanza.

"HAITAPATIKANA KUBWA KULIKO HII"

Euclid alionyesha pia kwamba kila namba tasa ya jamii hii huzaa namba nyingine iitwayo kamili. Namba kamili ni ile inayolingana na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo chini yake. Namba 6 ni kamili, maana 1 na 2 na 3 ni 6. Namba 28 ni kamili, maana 1 na 2 na 4 na 7 na 14 ni 28. Ili kuipata, zidisha jumla ya fedha ya kibarua kwa malipo ya siku ya mwisho. Kwa siku tatu, jumla ni 7 na siku ya mwisho ni 4: jibu 28. Kwa siku 31, zidisha 2,147,483,647 kwa 1,073,741,824, utapata 2,305,843,008,139,952,128.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake kwamba namba hiyo kamili ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana milele. Sababu yake ilikuwa kwamba namba za namna hii ni za kustaajabia tu wala hazina faida, hivyo hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Barlow alikuwa mtu mwenye elimu, lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba fedha ya siku 127, yenye tarakimu 39, ni tasa, na mwaka 1883 padre mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, akathibitisha ile ya siku 61. Utafutaji haukukoma. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa ya jamii hiyo hiyo ya siku 136,279,841. Tarakimu zake ni 41,024,320. Mtu akiandika tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala wala kula, atamaliza baada ya mwaka mmoja na zaidi ya miezi mitatu.

Kosa la Barlow kuhusu faida lilikuwa kubwa zaidi kuliko kosa lake kuhusu utafutaji, na namba ile ile ya Euler ndiyo imemsuta.

TAA 31

Kompyuta huandika namba kwa alama mbili tu, 1 na 0, ambazo zaweza kufikiriwa kuwa taa inayowaka na taa iliyozimwa. Kila taa ina thamani kama malipo ya kibarua: ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, na kuendelea. Kwa miaka mingi kompyuta zilitengenezwa kuhifadhi namba katika safu ya taa 32. Taa moja ilitengwa kuonyesha kama namba iko juu ya sifuri au chini yake, zikabaki 31 za kuhesabia. Taa hizo 31 zikiwaka zote kwa pamoja, namba inayosomwa ni 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia.

Ikiongezwa moja, hutokea jambo kama lile la mita ya mwendo wa gari la zamani, ambayo ikifika 99,999 hurudi sifuri. Tofauti ni kwamba katika kompyuta taa 31 huzimika na ile ya 32 huwaka, na mashine husoma namba kubwa iliyo chini ya sifuri, kama mtu mwenye akiba kubwa benki ambaye kwa kuweka senti moja zaidi anaambiwa ni mdeni. Mwaka 2014 wimbo wa "Gangnam Style" wa Psy, mwimbaji wa Korea Kusini, ulitazamwa katika YouTube kuliko idadi hiyo, na mafundi wakalazimika kuweka kihesabio kipana zaidi.

Wimbo ni mchezo tu. Saa si mchezo. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa ya usiku. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855 na saa 3, dakika 14 na sekunde 7, yaani zaidi kidogo ya miaka 68. Basi mashine yenye taa 31 za kuhesabia sekunde itajaza taa zake zote siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili ya asubuhi na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mashine isiyotengenezwa upya itaamini kwamba ni Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, karibu na saa sita ya usiku. Usiku ule reli iliyotoka Mombasa ilikuwa haijafika Kisumu. Ilifika ziwani baadaye katika mwezi huohuo.

Hatari yenyewe haingoji mwaka 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 ulioandikwa mwaka 2024 utakwisha mwaka 2039, na mashine yenye hesabu ya zamani ingekosea siku ileile ya kuandika, ikamwona mkopaji amechelewa kulipa tangu zamani za babu zake. Kwa sababu hiyo kompyuta na simu za siku hizi zimepewa safu ya taa 64. Wanaobaki na shaka ni mitambo midogo iliyofichwa ndani ya mitambo mingine, iliyofungwa miaka mingi iliyopita na kusahauliwa kwa kuwa inafanya kazi vizuri. Safu mpya inaweza kuhesabu sekunde 9,223,372,036,854,775,807, ambazo ni kiasi cha miaka bilioni 292. Namba hiyo kubwa si tasa: ni fedha ya siku 63, na siku 63 ni majuma tisa kamili, kwa hiyo 127 imo ndani yake.

Katika kazi ya saa, haidhuru kama 2,147,483,647 ni tasa au sivyo. Iko kazi nyingine ambamo utasa wenyewe ndio unaotakiwa. Kompyuta mara nyingi huhitaji namba zinazoonekana kama zimepigwa kura, mathalani katika michezo, au kuchagua sampuli ya majaribio. Mashine haina dadu ya kurusha. Mojawapo ya njia zilizotumika sana ni hii: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, uchukue baki, kisha zidisha baki hilo tena kwa 16,807, na kuendelea. Namba zinazotoka ni 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658, na hakuna jicho linaloona utaratibu ndani yake. Namba hizo hazirudii hata moja mpaka zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 ziwe zimepita. Hilo lawezekana kwa sababu kigawanyo ni tasa. Kingekuwa na uzao, mzunguko ungejifunga mapema. Hata hivyo njia hii haifai kwa bahati nasibu ya fedha, maana anayejua baki moja na kanuni ajua zote zitakazofuata.

JARIBIO

Anayetaka kuujaribu mkono wake na achukue fedha ya siku 43, ambayo ni senti 8,796,093,022,207. Namba 43 ni tasa. Mara mbili yake ni 86, basi zijaribiwe namba zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 86: 87, 173, 259, 345, 431, na kuendelea. Zitupwe zile ambazo zikigawanywa kwa 8 hazibakizi 1 wala 7, na zile ambazo si tasa. Kwa namba ya kwanza itakayosalia, agawe kwa makini. Jibu likitoka 20,408,568,497 bila baki, kazi imefanywa sawasawa, na kibarua wa siku 43 aweza kugawana fedha yake na wenzake.